Uliza Ujibiwe: Kina Volta, Joule na Newton walifikaje kwenye vipimo vyetu?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu kwamba volti limetokana na jina la mtu, basi maswali yakamiminika. Nimechukua yaliyojirudia sana nikayafupisha, na mengine nimeyaunganisha maana yalikuwa yanauliza kitu kimoja.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naomba kujua, Newton alikiita mwenyewe kile kipimo nyutoni au kuna watu walimpa hiyo heshima? Na nani ana mamlaka ya kusema kuanzia leo kipimo hiki kinaitwa hivi? (Mwanafunzi wa sekondari)

JIBU: Marahaba mwanangu. Newton hakujipa, na hawa wengine nao walipewa na watu. Newton alifariki 1727, uniti ya kani ikapewa jina lake rasmi 1948, yaani miaka zaidi ya mia mbili yuko kaburini. Pascal ndo usiseme, alikufa 1662 na paskali, kipimo cha presha, ikapitishwa 1971.

Mamlaka yako kwenye mkutano wa kimataifa unaitwa Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, nchi wanachama wanakutana Ufaransa kila baada ya miaka kama minne hivi, wakishapitisha jambo ndo limepita. Lakini hii tabia ya kuita vipimo kwa majina ya watu ni ya zamani kuliko mkutano wenyewe, na walioileta ni mafundi wa telegrafu, ule mtambo wa kutuma ujumbe kwa waya wa umeme.

Hapa niruhusu nikae kidogo. Miaka ya 1850 watu wanalaza nyaya za telegrafu chini ya bahari, na mwaka 1858 waya ukavushwa Atlantiki kutoka Ireland mpaka Newfoundland, ukafanya kazi wiki kama tatu tu ukafa. Hasara ya kutisha! Sasa ukitaka kujua waya umeharibikia wapi huwezi kupiga mbizi baharini kote, unakaa nchi kavu unapima ukinzani wake, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita, halafu unapiga hesabu, ila utapimaje kama kila mtu ana kipimo chake, huyu anahesabu kwa urefu fulani wa waya wa shaba, yule anatumia bomba lenye zebaki, na namba za huyu hazimsaidii yule chochote. Ndipo 1861 mainjinia wawili Waingereza, Latimer Clark na Charles Bright, wakapeleka pendekezo kwenye mkutano wa wanasayansi pale Manchester, kwamba tuwe na vipimo vya umeme vinavyoshikana vyenyewe kwa vyenyewe, na tuvipe majina mafupi yanayotokana na watu waliouchunguza umeme. Wakataja ohma, farad, galvat na volt. Na kwenye pendekezo lile ohma ilikuwa ya kupima msukumo wa umeme halafu volt ya kupima ukinzani, kinyume kabisa na tunavyotumia leo.

Ikapita miaka ishirini ya kamati na mabishano, mpaka 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme ukakaa Paris ukapitisha majina matano: omu, volti, ampea, kulombi na faradi. Angalia walivyogawa: Ohm Mjerumani, Volta Mtaliano, Ampère na Coulomb Wafaransa, Faraday Mwingereza. Mimi naona hiyo ndo sababu kubwa majina haya yameshika, kila taifa kubwa la umeme wakati ule lilijiona limo, na neno fupi kama volti halimsumbui mtu wa lugha yoyote kulitamka.

SWALI: Kwa hiyo hao kina Volta, Ampère na Ohm walikuwa timu moja wakifanya kazi pamoja?

JIBU: Hapana, Ohm anazaliwa 1789 Volta ana miaka 44 tayari, na kila mmoja alikuwa nchi yake. Ila kazi zao zimeshikana vizuri sana na ukiujua huo mfuatano hutachanganya tena volti na ampea kwenye mtihani.

Kaanzie kwa Galvani wa Bologna, huyu aliona miguu ya chura aliyekufa inashtuka ikiguswa na metali mbili tofauti, akaamini umeme unatoka ndani ya mnyama. Volta akabisha. Akasema umeme unatoka kwenye hizo metali mbili, chura ni kama kipima tu, na ili kuthibitisha akapanga visahani vya zinki na vya fedha vikipishana, katikati anaweka kitambaa au karatasi nzito iliyoloweshwa maji ya chumvi, ikawa betri. Mwaka 1800 akaandika barua kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kueleza hicho kitu na dunia ikapata kwa mara ya kwanza umeme unaotiririka bila kukatika, maana kabla ya hapo watu walikuwa na cheche tu zinazowaka na kupotea.

Betri ikishakuwepo kila mtu anaichezea. 1820 Ørsted wa Copenhagen akaona waya wenye umeme unageuza sindano ya dira, habari ikafika Paris mwezi Septemba, na Ampère ndani ya wiki chache tu akaonyesha kwamba nyaya mbili zilizolala sambamba zikipitisha mkondo kuelekea upande mmoja zinavutana, mkondo mmoja ukigeuzwa zinasukumana, akaanza na kuandika hesabu zake. Huyu alikuwa ametoka kwenye maisha magumu, baba yake alikatwa kichwa kwa gilotini wakati wa mapinduzi ya Ufaransa.

Ohm sasa. Mwalimu wa shule tu huko Cologne, mtoto wa fundi wa makufuli, vifaa vingine anajitengenezea mwenyewe. Anataka kujua waya ukiwa mrefu au mwembamba mkondo unapungua kwa kiasi gani, lakini betri ya Volta ikawa inamsumbua maana nguvu yake inashuka kadiri unavyoitumia, hivyo akahamia kwenye kifaa kingine cha metali mbili zilizounganishwa, ncha moja iko kwenye maji yanayochemka nyingine kwenye barafu, na huo umeme haushuki. Akatoa kitabu 1827. Kilipokelewa kwa ubaridi mpaka akaacha kazi pale Cologne, na ilibidi asubiri hadi 1841 ndo Royal Society wampe medali ya Copley. Sheria yake leo inafundishwa dunia nzima: volti 1 ikisukuma kwenye ukinzani wa omu 1 inapita ampea 1. Uone ilivyokaa, betri ya Volta, mkondo wa Ampère, na yule mwalimu wa shule ndo kawaunganisha wote wawili.

SWALI: Kwa nini mwalimu wetu anakata maksi tukiandika Newton kwa herufi kubwa wakati ni jina la mtu? Halafu nimesoma mahali kwamba lita imetokana na Mfaransa mmoja anaitwa Litre, ni kweli?

JIBU: Mwalimu wenu yuko sahihi. Jina la kipimo ukiliandika kwa kirefu ni nomino ya kawaida, herufi ndogo, ila alama yake kama imetokana na mtu inakuwa kubwa: N, V, A, W, Hz, Pa. Kwa hiyo s ndogo ni sekunde na S kubwa ni simensi, kipimo cha jinsi kitu kinavyopitisha umeme, ukikosea hapo umebadilisha maana kabisa. Sentigredi ndo ya pekee, rasmi inaitwa nyuzi Celsius na hiyo C inabaki kubwa kwenye jina.

Bwana Litre hajawahi kuwepo ndugu yangu. Kanuni inataka alama iwe herufi ndogo kama hakuna mtu, na lita haina mtu, lakini l ndogo inafanana mno na namba 1, watu wakawa wanataka waruhusiwe L kubwa. Aprili 1978 mwalimu mmoja wa University of Waterloo kule Canada, Kenneth Woolner, akaandika kwenye jarida la walimu wa kemia mzaha wa siku ya wajinga, akamtunga Claude Émile Jean-Baptiste Litre, mtoto wa mtengeneza chupa za mvinyo, akampa mpaka binti anaitwa Millie ili mililita nayo ipate mwenyewe. Wapo waliouchukua kama historia ya kweli wakauchapisha. Mwaka uliofuata ule mkutano mkuu ukaruhusu L kubwa, kwa sababu hiyohiyo ya kufanana na 1.

SWALI: Mi ni fundi wa redio, kapasita zote naona zimeandikwa mikrofaradi au pikofaradi. Faradi moja nzima iko wapi?

JIBU: Fundi, faradi, kipimo cha uwezo wa kapasita kuhifadhi chaji ya umeme, ni kubwa kupita kiasi. Ukitaka kutengeneza kapasita ya faradi 1 kwa mabamba mawili ya chuma yaliyoachana milimita 1 na katikati kuna hewa tupu, kila bamba inabidi liwe na eneo la kilomita za mraba kama 113. Ndo maana kwenye saketi unakutana na sehemu ya milioni (mikro) au sehemu ya trilioni (piko) ya faradi moja. Siku hizi kuna kapasita kubwa maalumu zinafika faradi mia na hata elfu na zinashikika mkononi, ila zile ndani zina kaboni yenye vitundu vidogovidogo mno kwa hiyo eneo lake ukilikunjua ni kubwa sana.

Ukubwa wa kipimo haupangwi kwa kumheshimu mtu, unatoka wenyewe kwenye vipimo vya msingi kama mita, kilo, sekunde na ampea, utakavyokuwa ndo hivyohivyo. Tesla, kipimo cha nguvu ya sumaku, nayo ni kubwa, sumaku ya dunia ni mikrotesla 25 hadi 65 tu, mashine ya MRI hospitali ndo inafika tesla 1.5 au 3. Paskali kinyume chake ni kadogo kabisa, presha ya hewa inayotuzunguka ni paskali 101,325. Na kumbuka Faraday mwenyewe alianza kama kijana wa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, shule alisoma kidogo sana, akawa anasoma vile vitabu anavyovishona, 1831 akagundua jinsi sumaku inayotembea inavyozalisha umeme kwenye koili, na jenereta zote kubwa za umeme mpaka leo zinategemea hilo.

SWALI: Nisaidie tofauti ya jouli, wati na uniti za umeme za kwenye mita. Kila nikielezwa naelewa halafu kesho nimesahau.

JIBU: Jouli ni kiasi cha nishati. Wati ni kasi ya kuitumia, wati 1 ni jouli 1 kila sekunde. Ile uniti ya kwenye mita ni kilowati kwa muda wa saa, yaani kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima, piga hesabu sekunde 3,600 mara 1,000 unapata jouli 3,600,000. Hivyo tu. Taa ya wati 10 inaweza kuwaka saa 100 ndo ikamaliza uniti moja.

Lakini ukimjua Joule hutasahau tena, maana huyu mtu alihangaika maisha yake yote na swali moja. James Prescott Joule, alizaliwa 1818 Salford, Uingereza, familia yake walikuwa wenye kiwanda cha bia, hakuwa profesa wa chuo chochote. Wakati ule wakubwa wengi wa sayansi waliamini joto ni kama majimaji yasiyoonekana yanayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi. Joule akasema hapana, joto linaweza kuzaliwa na kazi. Akachukua chombo cha maji akaweka ndani makasia ya kuzunguka, akafunga kamba na mizigo, mizigo ikishuka makasia yanakoroga maji, halafu anapima maji yamepata joto kiasi gani. Yanapanda sehemu ndogo sana ya digrii moja! Ilitakiwa kipimajoto bora sana na subira ya ajabu, akarudia miaka na miaka, na watu wengi mwanzoni hawakumwamini kwamba mtu anaweza kusoma tofauti ndogo namna ile.

Mwaka 1847 alioa, na William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, amesimulia kwamba alikutana naye milima ya Alps kwenye fungate, ana kipimajoto kirefu mkononi anataka kupima maji ya maporomoko juu na chini. Mantiki yake ni safi kabisa, maji yakianguka mita kama 427 yanatakiwa yapate joto nyuzi 1, shida ni kwamba maporomoko yanatawanya maji yanakuwa mvuke na matone, huwezi kupima vizuri. Kwenye kaburi lake wameandika namba 772.55, ndo jibu alilopata 1878 la kazi inayohitajika, kwa vipimo vya Kiingereza vya wakati ule, kupandisha joto la ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Fahrenheit. Mimi hiyo namba inanigusa kila nikiikumbuka.

Jina lake na la Watt yalipendekezwa 1882 na William Siemens, yakapitishwa Paris 1889, na Joule akafariki Oktoba mwaka huohuo, kwa hiyo yeye ni mmoja wa wachache walioona jina lao linakuwa kipimo wakiwa hai. James Watt hakuvumbua injini ya mvuke kama wengi wanavyoandika, ilikuwepo ya Newcomen, yeye aliiboresha kwa kutenga chombo cha kupozea mvuke ili silinda isipoe kila mara, akapata hati miliki yake 1769. Na ndiye aliyeeneza nguvu ya farasi kama kipimo cha kuuzia injini, ambayo ni kama wati 746, kwa hiyo tukitumia wati leo tumemtumia yeye kumpindua farasi wake.

SWALI: Celsius na Kelvin zinatofautianaje?

JIBU: Hatua ni zilezile, mwanzo ndo tofauti. Kelvini inaanzia sifuri ya mwisho kabisa ambapo huwezi kupoa zaidi, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya sentigredi. Na hatusemi nyuzi kelvini, tunasema kelvini 300 basi, hiyo ilibadilishwa 1967. Anders Celsius wa Uppsala kipimo chake cha 1742 kilikuwa kichwa chini, sifuri maji yanachemka na 100 yanaganda, kikageuzwa baada ya yeye kufariki. Lord Kelvin alichukua cheo chake kutoka mto Kelvin unaopita karibu na chuo cha Glasgow alikofundisha, kwa hiyo ukifuatilia, kipimo hiki kimebeba jina la mto.

SWALI: Mume wangu anafanya kazi chumba cha eksirei, nasikia bekereli, grei, siveti, sielewi ipi niiogope.

JIBU: Dada yangu, uliza siveti. Bekereli inahesabu tu atomu ngapi zinavunjika kila sekunde, atomu 1 kwa sekunde ni bekereli 1, hivyo hata namba ya maelfu inaweza isiwe na maana yoyote, na mashine ya eksirei haina atomu zinazovunjika kwa hiyo bekereli haihusiki hapo. Grei inapima nishati ya mionzi iliyozama mwilini, jouli 1 kwa kila kilo. Siveti inaangalia madhara, maana aina moja ya mionzi inaumiza kuliko nyingine na viungo vingine ni laini kuliko vingine. Kila binadamu anapokea kutoka ardhini, hewani na angani wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka, na kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa wafanyakazi wa mionzi ni milisiveti 20 kwa mwaka, wastani wa miaka mitano. Muulize kama anavaa kile kifaa kidogo cha kifuani cha kupima mionzi na kama anasomewa matokeo yake, ana haki ya kuyajua. Louis Harold Gray wa Uingereza na Rolf Sievert wa Sweden wenyewe maisha yao yaliishia kwenye kazi hiyo ya kupima mionzi ili isiumize watu.

SWALI: Mbona wote wanaume? Marie Curie yuko wapi?

JIBU: Swali zuri na linauma. Kwenye mfumo wa kimataifa kuna vipimo 29 vyenye majina maalumu, 7 vya msingi na 22 vilivyotokana navyo. Kati ya hivyo 19 ni majina ya watu, na wote 19 ni wanaume. Hakuna hata mwanamke mmoja.

Kuna kipimo kinaitwa kyuri, kilianza 1910 kwenye mkutano wa Brussels, lakini Rutherford aliyeandika habari za mkutano alisema ni heshima ya marehemu Profesa Curie, yaani Pierre mume wake aliyefariki 1906. Marie alikuwepo kwenye kamati na alisimamia kwa nguvu kipimo kihesabiwe kwa gramu nzima ya radiamu, kikawa kikubwa mno, leo ni bekereli bilioni 37. 1975 bekereli ikachukua nafasi yake rasmi. Kwenye elementi wamefanya vizuri kidogo, kuna kyuriamu ya Marie na Pierre, na meitneriamu ya Lise Meitner aliyeeleza jinsi kiini cha urani kinavyopasuka halafu akanyimwa Nobel. Mimi nasema wazi hiyo ni dhuluma, na nafasi ya kurekebisha ipo, mwaka 2022 tu mkutano mkuu umeongeza viambishi vipya vinne vya kuweka mbele ya majina ya vipimo, kama ilivyo kilo na mikro, kwa hiyo wanaweza kuongeza vitu wakitaka.

SWALI: Na Einstein na Galileo hawana?

JIBU: Wanavyo ila nje ya mfumo rasmi. Gali ni sentimita 1 kwa sekunde kwa sekunde, wanaopima mvutano wa dunia wanaitumia, hasa miligali, wakitafuta mafuta na madini chini ya ardhi. Ainstaini ni moli moja ya fotoni, yaani chembe za mwanga, wanaitumia watafiti wa mimea kuhesabu mwanga unaofika kwenye jani.